Mifupa Iliyosafisha Maji

Vijana wangu wa kituo, siku mliyoniaga mlinipa kitenge, keki na saa kubwa ya ukutani. Nawashukuru sana. Saa nimeitundika sebuleni, ingawa sijui nichelewe wapi tena. Mkaniomba niseme maneno machache kuhusu kazi, nikasimama mbele yenu, nikaanza kulia kabla ya sentensi ya kwanza, mkala keki bila hotuba. Sasa machozi yamekauka na mahindi yangu hapa Dongobesh yamepaliliwa. Nimepata nafasi ya kuandika nilichotaka kusema siku ile.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja nilipokuwa nimeshakisahau. Ninachotaka mjue ni kwamba miaka yangu yote ya ufundi sanifu wa maabara nimeifurahia, tena sana. Zipo asubuhi niliamka kabla ya jogoo kwa sababu tu nilitaka kujua kilichotokea kwenye chupa niliyoiacha mezani jana yake. Mume wangu, marehemu, alikuwa akisema ameoa mwanamke mwenye wivu wa chupa. Hakukosea sana.

Nilifika kituo cha utafiti cha Gitting asubuhi ya baridi, ukungu wa mlima Hanang umelala juu ya bati. Nilikuwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kisigino, maana chuoni tulifundishwa kwamba maabara ni chumba. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Qamara, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi umsogelee ndipo uisikie.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Agnesi wa maabara?"

"Ndiyo baba."

"Karibu sana. Maabara yenyewe ni ile pale." Akanyoosha mkono kuelekea shamba la ngano lililokuwa limeloa umande hadi kiunoni.

Akaniazima gambuti za mke wake. Tukazunguka matuta ya majaribio mpaka koti langu likawa na rangi ya udongo. Kisha akachuma jani moja lenye vumbi la rangi ya machungwa, tukarudi ndani, akaliweka chini ya hadubini na kuniuliza ninaona nini.

"Ni kutu ya ngano," nikasema haraka, nikitaka ajue kwamba nimesoma.

"Hilo ni jina lake. Mimi nimekuuliza unaona nini."

Nikatazama tena. Nikaona vichembe vya mviringo vyenye miiba midogo midogo, vimejipanga kama mbegu za tunda, na vingine vilikuwa vimeshatoboa ngozi ya jani na kuchungulia nje. Nilisahau baridi. Nilisahau viatu vyangu vilivyobaki mlangoni. Nikamweleza kila kitu nilichokiona, nikakuta nimemshika mkono mzee wa watu bila kujua. Yeye akatabasamu tu, akasema, "Basi utakaa hapa."

Nikakaa.

Ninyi mmekuta majengo mapya, kila kitengo na mlango wake. Sisi tulikuwa na nyumba moja iliyokuwa ghala la mbegu, na kila mtafiti aliyekuja Hanang au Mbulu alipita humo kama mgeni anavyopita gesti. Ndiyo maana nilipata bahati ya kuonja kila aina ya sayansi bila kuhama kiti. Wiki moja nilikuwa nikipima udongo wa shamba la maharage, wiki inayofuata nikimshikia kamba mtu anayepima upepo ili ajue kama unaweza kusukuma pampu. Alikuja mtaalamu wa mitetemo ya ardhi, akachimbia mtambo wake mlimani, na baada ya siku chache akatuletea grafu akiwa na jasho la furaha, akisema mlima unatikisika kila asubuhi. Tulipopanda tukakuta mbuzi wa jirani anajikuna kwenye nguzo ya mtambo. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini, halafu akajenga uzio. Baadaye alipata mitetemo ya kweli, na grafu yake ya mbuzi aliibandika ofisini kwake.

Niliwahi pia kwenda Yaeda Chini na watafiti wa nyuki. Gari lilizama kwenye tope la bonde, likavutwa na ng'ombe wa wafugaji tuliowakuta njiani, ambao walitushangaa kwamba watu wazima wamesafiri kote huko kwa ajili ya kupima uzito wa nyuki mmoja mmoja. Nilikuwa na mizani ndogo magotini, nimeizungushia kanga upepo usiipige. Nyuki akitoka kwenye maua alikuwa mzito kuliko akienda. Mnasema ni jambo dogo. Sawa, lakini kaangalieni mshale wa mizani unavyosogea kwa mzigo wa nyuki mmoja, ndipo mje mniambie kama ni dogo.

Katika hayo yote Mzee Qamara alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye vitabu, au yamo kwa maandishi madogo. Chupa ya sampuli isuuzwe kwa maji yale yale unayokwenda kuyachukua. Maji ya kupima floraidi, ile chumvi ya mawe inayoyeyuka majini bila kuonekana, yasikae kwenye kioo, yawekwe kwenye plastiki, kwa sababu floraidi na kioo hawaachani salama. Ukipata jibu unalolipenda, rudia. Ukipata usilolipenda, rudia pia, lakini kwanza kunywa chai.

Ushauri huo wa chai niliuhitaji mwaka ule wa kisima.

Upande wa Nangwa kulikuwa na kijiji kilichokuwa kikinywa maji ya kisima kifupi cha zamani, na kisima hicho kilikuwa kinakauka. Kina mama walikuwa wanapanga ndoo tangu alfajiri. Mhandisi aliyepewa kazi ya kuwatafutia maji mapya alikuwa binti mmoja anaitwa Zuhura, mtoto wa Mzee Ramadhani mwenye bucha pale Katesh. Zuhura alikuwa mhandisi kijana, mcheshi, mwenye kofia ya manjano aliyoivaa juu ya ushungi wake. Alitembea na vipimo vyake bonde zima, akachagua mahali, mtambo wa kuchimba ukaletwa, na maji yakaruka juu kuliko paa la shule. Kijiji kizima kilicheza ngoma kwenye tope. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mkulima tuliyekuwa tukimwita Mama Selina, alimbeba Zuhura mgongoni kama mtoto.

Zuhura akaja kituoni na sampuli akiwa bado na tope kwenye sketi.

"Dada Agnesi, nipimie haraka haraka nipeleke majibu. Jumapili padri anakuja kubariki bomba, na baba yangu amechanga mbuzi."

Nikawasha kipimo cha floraidi. Ni kijiti chenye waya, mnakijua, unakitumbukiza kwanza kwenye maji ya kulinganishia halafu kwenye sampuli. Nilipotumbukiza kwenye maji ya Zuhura, namba zikaanza kupanda. Nikasubiri zitulie. Hazikutulia mpaka zilipovuka mbali kabisa kiwango ambacho mtu anapaswa kunywa.

"Kimeharibika hicho," akasema Zuhura.

Nikasuuza, nikalinganisha upya, nikapima. Nikachukua chupa yake ya pili, nikapima. Nikamwita Mzee Qamara, akapima yeye mwenyewe. Kisha akakiweka kijiti mahali pake, akasema, "Agnesi, mpikie mwenzako chai."

Zuhura hakunywa. Alikaa kwenye stuli na kuishika kofia yake magotini. "Niliwaahidi," akasema. "Yule mama amenibeba mgongoni."

Kesho yake tulirudi kijijini pamoja, mimi nikiwa na chupa nyingi. Nilichukua maji ya kisima kipya, ya kisima cha zamani, na ya kijito cha upande wa juu ambako kaya chache zilikuwa zinachota. Majibu yalinifungua macho. Kisima kipya kilikuwa kibaya zaidi, lakini kile cha zamani nacho kilikuwa kibaya tangu hapo, ila hakuna aliyewahi kukipima. Kijito kilikuwa salama. Dokta Lukasi, mtaalamu wa miamba aliyekuwa kituoni kwetu wakati huo, alinieleza kwamba maji yanayokaa muda mrefu chini, ndani ya miamba ile iliyotapikwa na volkano zamani, yanabeba floraidi nyingi, wakati ya kijito yanapita haraka juu ya ardhi. Alikuwa ameshazunguka mlima akikusanya mawe bila kujua kwamba jibu la kijiji lilikuwa kwenye mfuko wake wa mawe, nami nilikuwa nimeshapima maji ya nusu ya wilaya bila kujua mawe yanasema nini. Siku ile tulikaa mezani na ramani yake tukaruka kama watoto kila doa la ramani lilipolingana na namba yangu. Halafu tukakumbuka kwamba doa moja ni kijiji cha Mama Selina, furaha ikaisha.

Mkutano ulifanyika kwenye veranda ya shule. Zuhura alisimama mwenyewe, akakataa mtu mwingine amsemee.

"Maji haya msinywe," akasema. "Ng'ombe wapewe kwa muda, nguo fueni. Lakini kunywa na kupikia, hapana. Yana kitu kinachoharibu meno na mifupa ya watoto."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza kama tumekuja kuwacheka. Mama Selina akainuka. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka bonde la pili.

"Hayana harufu," akasema. "Hayana rangi. Nimeyaonja, ni matamu. Leo unaniambia nifunge bomba, watoto wangu wanywe nini? Hotuba?"

Nikainuka mimi. Sikuwa nimepanga. Nikawaambia kwamba hata kisima cha zamani ni hivyo hivyo, na kwamba watoto wenye meno ya kahawia na miguu ya matege ni wale waliolelewa kwa maji ya kisima, si wa kijito. Nikawaomba watazamane. Watu wakawa kweli wanatazamana, wanahesabu majirani kwa macho.

Mama Selina alikuwa na binti yake wa kwanza, huyo Selina mwenyewe, msichana wa darasa la sita wakati huo. Alikuwa amekaa mbele kwenye benchi. Miguu yake ilikuwa imepinda kuanzia magotini, na akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake akamtazama, akanitazama mimi.

"Mama wa maabara," akasema polepole, "hii miguu ni maji?"

"Ni maji, mama."

"Si kitu nilichokula nikiwa na mimba yake?"

"Hapana."

"Si kwamba niligombana na mama mkwe?"

"Hapana, mama. Ni maji ya kisima."

Akarudi kwenye benchi akakaa. Miaka yote hiyo alikuwa ameambiwa kwamba kosa ni lake, na alikuwa ameamini. Sasa akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na Selina akamshika mgongoni akimbembeleza kama vile yeye ndiye mama. Sijawahi kutoa majibu ya maabara yaliyomfanya mtu alie kwa huzuni na nafuu kwa wakati mmoja, isipokuwa siku ile.

Aliponyamaza alifuta macho, akasimama tena, na sauti yake ya bonde la pili ikarudi. "Haya. Mmekuja na ugonjwa. Sasa nendeni mkalete dawa."

Ndipo ilipoanza kazi niliyoipenda kuliko zote.

Dokta Neema, mtafiti wa mifugo, alikuwa na maboksi ya taya za mbuzi kwenye kona ya maabara yetu. Alikuwa akichunguza kwa nini mbuzi wa ukanda ule meno yao yanaisha mapema wakashindwa kutafuna. Tulikuwa tukinywa chai, mimi, Zuhura, Dokta Lukasi na Mzee Qamara, naye Neema akachukua taya moja akaizungusha mkononi.

"Floraidi inapenda mfupa," akasema. "Ikiingia mwilini haikai kwenye nyama. Inakimbilia mifupani na menoni, inang'ang'ania huko huko."

Zuhura akaweka kikombe chini. "Kama inapenda mfupa, tuipe mfupa mwingine kabla haijawafikia watoto."

Tukamtazama.

"Ipo hiyo njia," akaendelea, sasa anaongea haraka. "Mkaa wa mifupa. Tulisomeshwa chuoni, wenzetu mahali pengine wanaitumia. Mimi nilifikiri ni swali la mtihani tu. Unachoma mifupa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, unaisaga, unapitisha maji katikati yake."

Mzee Qamara alikuwa ameshainuka, anatafuta kinu.

Mifupa tuliipata kwa Mzee Ramadhani. Tulikwenda buchani kwake Katesh, mimi na binti yake, tukamwamkia, tukamweleza. Alisikiliza huku akinoa kisu. Akauliza swali moja tu, ambalo sisi wasomi wote hatukuwa tumelifikiria.

"Mifupa ya mnyama gani?"

"Yoyote, baba," Zuhura akajibu.

"Yoyote haifai. Kule juu watu wanafuga nguruwe. Mkichanganya, mimi sitakunywa na wenzangu hawatakunywa. Mifupa itoke machinjioni hapa Katesh, ng'ombe na mbuzi peke yake, na nitaisimamia mwenyewe. Mkristo atakunywa na Mwislamu atakunywa, na hakuna atakayeuliza."

Akatupa magunia. Kuanzia siku hiyo gari la kituo lilinuka vibaya, na mbwa wa Katesh wakawa wanalifahamu kwa sura.

Zuhura akajenga tanuru la matofali nyuma ya maabara. Uchomaji wa kwanza tulifanya kwa hofu, moto mdogo, na mifupa ikatoka ya kahawia. Tukaisaga, tukajaza pipa, tukapitisha maji. Floraidi ilipungua! Nilipiga kelele. Tukabeba pipa mpaka kijijini bila kungoja hata kidogo, na hapo ndipo mnapaswa kujifunza kutokana na haraka yetu. Mama Selina akapokea kikombe, akanusa, akapiga funda moja, akalitema mbali.

"Mmetuletea supu," akasema.

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Zuhura naye akacheka, halafu akageukia upande wa gari, nikaona hacheki tena.

Mara ya pili tukachochea moto kwa nguvu zote. Mifupa ikatoka myeupe, misafi, haina harufu hata kidogo. Ilipendeza mno. Nikapitisha maji, nikatumbukiza kijiti, na namba ikabaki pale pale kama vile tumepitisha maji kwenye mchanga. Tulikuwa tumeichoma mpaka imepoteza kile kilichokuwa kikishika floraidi. Mzee Qamara alikwenda akakaa karibu na tanuru, akagusa matofali kwa kiganja kama anampima mtu homa.

"Hatujui joto la humu ndani," akasema hatimaye. "Tunapika bila kujua moto."

Kipimajoto cha kawaida kingepasuka. Lakini Dokta Lukasi alikuwa na waya wake wa chuma wa kupimia joto la tanuru dogo alilotumia kuchomea mawe yake ya volkano. Alikuwa hamwachii mtu auguse. Siku ile aliuleta mwenyewe, ameushika kama mtoto mchanga, akautumbukiza kwenye tundu la tanuru letu. Fikirini sasa hilo kundi: mtaalamu wa miamba anasoma joto, mhandisi anafungua na kufunga kijilango cha hewa, mtafiti wa mifugo anachungulia rangi ya mfupa, mimi nasubiri na chupa zangu, na mzee wetu anasimamia kuni. Hata yule bwana wa mitetemo alikuja kushangilia. Kila mmoja alikuwa amekuja Hanang kutafuta jambo lake, na wote tulikuwa tunatazama moto mmoja.

"Funga hewa!" anapiga kelele Lukasi. "Inapanda!"

"Nimefunga!"

"Basi shikilia hapo, hapo hapo, usiguse!"

Mifupa ikatoka ya kijivu cha kuelekea weusi, mikavu, inalia kama vigae ukiigonganisha. Tukaiosha. Tukaisaga. Nikapitisha maji ya kisima cha Nangwa, yakatoka meupe bila harufu. Nikatumbukiza kijiti. Namba ikashuka, ikaendelea kushuka, ikapita kiwango cha kunywa ikaenda chini yake, ikatulia.

Nikamtazama Mzee Qamara.

"Rudia," akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikarudia. Nikarudia na chupa nyingine. Nikanywa kikombe kizima mbele yao, maji matamu kabisa, halafu nikamkumbatia Zuhura, kofia yake ikaanguka ikabingirika mpaka kwenye majivu. Tulicheza, vijana wangu. Madaktari na wahandisi, kwenye majivu ya mifupa, mchana kweupe, na mpishi wetu akatoka jikoni kuuliza nani ameolewa.

Kijijini safari hii Mama Selina alinusa kikombe kwa muda mrefu. Akanywa funda, akasubiri, akanywa lote. Akamjazia Selina. Kisha akageukia watu wake akasema, "Yananyweka," na foleni ikaanza.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa mteremko baada ya hapo. Mkaa wa mifupa unachoka, lazima ubadilishwe, na mtu akiacha kuupima anarudi alikotoka bila kujua, kwa sababu ulimi hauitambui floraidi. Vipo vijiji ambavyo mpaka leo havijapata chujio, na hiyo ni kazi yenu sasa. Na miguu ya Selina haikunyooka. Mfupa ukishakomaa hivyo, maji safi hayaurudishi. Nilimweleza mwenyewe siku moja aliponiuliza, kwa sababu aliniuliza kwa ujasiri na nilimheshimu. Akaniuliza kama anaweza kujifunza kuchoma mifupa.

Akajifunza. Mzee Qamara, ambaye siku hizo alikuwa anakaribia kustaafu, alimfundisha kuni na kuosha vyombo, Zuhura akamfundisha hewa ya tanuru, mimi nikamfundisha kijiti. Alipomaliza shule akawa ndiye msimamizi wa chujio la kijiji chao, kisha akawa anakwenda vijiji vya jirani kwa pikipiki ya kukodi kuwaelekeza wengine. Aliolewa na fundi bomba, sikushangaa, na wakapata mtoto wa kike, Anjela, aliyezaliwa na kukua kwa maji ya chujio la mama yake.

Meno ya utotoni hayatoshi kuwa ushahidi. Dokta Neema alituonya mapema tusifurahi bure; tungoje meno ya ukubwani, yale ya mbele yanayoota mtoto akishaanza shule. Basi tukangoja. Kila nilipokutana na Selina sokoni Katesh nilikuwa namuuliza, "Vipi, mtoto ametoa jino?" mpaka watu wakafikiri ni salamu ya kwetu.

Miezi kadhaa kabla sijastaafu, nikiwa naandaa maji ya kulinganishia, nikasikia pikipiki getini. Selina aliingia anatembea kwa ile miguu yake iliyopinda, kwa haraka kuliko nilivyowahi kumwona, amemshika Anjela mkono. Hakunisalimia. Mtu anayejua adabu kama Selina hakunisalimia!

"Mama, angalia," akasema. "Anjela, fungua."

Mtoto akafungua mdomo. Pengo moja, na kando yake meno mawili mapya ya mbele, makubwa, yenye ncha zilizochongoka kidogo kama yanavyokuwa yakiwa mapya. Nikachukua lenzi. Nikamsogeza dirishani kwenye mwanga. Nikatafuta mstari wa kahawia, nikatafuta doa la chaki. Nikarudia. Hakuna. Meno meupe, laini, yanang'aa, kinywani mwa mtoto aliyezaliwa kijiji kile.

Selina aliona uso wangu, akaanza kucheka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mkono wake haukwenda mdomoni. Nikafungua dirisha nikawaita wote. Wakaja watu wa ngano na gambuti zao, wakaja wa udongo, wakaja wa nyuki. Zuhura, ambaye siku hizo alikuwa na ofisi hapo kituoni, akichora ramani ya bomba jingine, alikuja mbio akapiga magoti mbele ya mtoto. Tukampigia simu Mzee Qamara shambani kwake, akasema tusimwachie mtoto aondoke mpaka afike. Tukapokezana lenzi, kila mmoja anachungulia, anatoka anafuta macho, anarudi kuchungulia tena.

Anjela alivumilia kwa adabu kubwa. Mwishowe alinivuta koti.

"Bibi," akasema kwa shida, taya limechoka, "naweza kufunga mdomo sasa?"

"Bado kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Mzee Qamara yuko njiani."